Kizimba cha waya cha mtoto wa mbwa: ukuta mzuri, trei dhaifu

Ubora mkubwa wa kizimba hiki ni ukuta wa ndani unaosogezwa kadiri mbwa anavyokua, kwa sababu mtoto wa mbwa akipewa nafasi kubwa mno hulala upande mmoja na kukojoa upande wa pili. Anahitaji nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu. Trei ya plastiki, kwa bahati mbaya, ina kingo fupi, hivyo mkojo huvuja hadi sakafuni. Hapo tumia sabuni yenye vimeng'enya (viambato vinavyovunjavunja mabaki ya mkojo), kwani dawa zenye amonia huacha harufu inayomvuta arudie palepale. Mtoto wa mbwa wa miezi 3 asifungiwe mchana kwa zaidi ya saa 3 mfululizo, wala asiadhibiwe kamwe akijikojolea. Komeo ni imara kabisa.