Kuzunguka Ziwa Victoria na Dakota: Entebbe, Kisumu, Mwanza na kurudi nyumbani

Nimeulizwa sana hii safari ilikuaje na ilitugharimu ngapi, wacha niandike yote hapa mara moja. Tulikua watu kumi na nane, marafiki wa hapa Kampala, chama chetu kiliweka akiba mwaka mmoja na nusu, na kila mtu akatoa dola 1,300 bila hoteli. Ni hela nyingi, nakubali, kwa basi ungeenda Kisumu na kurudi mara nyingi mno kwa hiyo pesa. Ila mi ningelipa tena.

Ndege ni DC-3, hii ambayo wazee wetu wanaijua kama Dakota. Ya kwanza iliruka Desemba 1935 na zikatengenezwa zaidi ya 10,000, nyingi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hapa kwetu East African Airways ilikua nazo, na mzee wangu alikua mpakia mizigo pale Entebbe mpaka shirika likavunjika 1977. Tulipokua wadogo alikua anatuambia mizigo ya Dakota unaipandisha mlima ndani ya ndege, mi nilikua sielewi mlima gani. Sasa siku nimeingia kwa ule mlango wa nyuma ndo nikaelewa, ndege inakalia tairi dogo la mkiani kwa hiyo pua iko juu na sakafu imeinama, unatembea kwenda kiti chako unashika migongo ya viti kama mtu anapanda ngazi. Nikampigia mzee simu hapohapo nikiwa nimesimama katikati, nikamwambia baba, nimeuona huo mlima. Akaniuliza kama bado inanuka oili. Nikamwambia inanuka.

Mi ni fundi wa malori, Katwe, kwa hiyo nilifika uwanjani mapema kabla ya wenzangu kwa sababu ya injini tu. Ni injini mbili, kila moja ina silinda 14 zimepangwa duara safu mbili, saba mbele saba nyuma, nguvu farasi 1,200 kila upande. Kabla ya kuwasha, fundi wa ndege na kijana wake wanazungusha propela kwa mikono, pala moja moja, taratibu, wanahesabu kwa sauti. Nikamuuliza yule fundi, hii ni ya nini, akaniambia injini ikilala oili inashuka inajaa kwenye silinda za chini, ukipiga stata bila kuitoa unapinda konrodi, yaani kile chuma kinachoshika pistoni. Alikua anasikiliza kwa mkono, yaani pala ikiwa nzito ghafla anasimama palepale, halazimishi. Nilimwangalia mpaka akamaliza upande wote wa pili, na kwa kweli pale ndipo woga wangu wote uliisha. Mtu anayeshika mashine hivyo haiachi iende angani ikiwa mbovu. Alafu ikawashwa, ikakohoa mara mbili tatu, moshi mweupe ukafunika bawa lote, na ikatulia ikaanza kunguruma vile huwezi kusikia jirani yako. Wanakupa vya kuziba masikio, vaa, msijidanganye kwamba mtapiga stori.

Lakini uzuri wenyewe uko hapa. Hii ndege haina presha ndani kwa hiyo haiendi juu sana, na haina haraka, kama kilomita 270 kwa saa. Kwenda Kisumu rubani alikaa futi 5,500, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, kwa hiyo juu ya maji tulikua na mita 500 na kitu tu. Unaona mtumbwi na mtu ndani yake anavuta nyavu! Unaona visiwa vya Buvuma upande wa kushoto, unaona wingu jeusi linasimama juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, na si moshi, ni wadudu wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, rubani akalizunguka kwa mbali. Mi nimezaliwa karibu na hili ziwa na sikuwahi kuliona. Huwa tunapita kwa basi usiku tunaamshwa Busia kugonga mihuri, na kwenye jeti ukimaliza kufunga mkanda umeshafika juu ya mawingu. Na tulivuka ikweta bila kujua, mpaka mhudumu akapita na kipande cha karatasi ameandika kwa kalamu TUMEVUKA, watu wakapiga makofi.

Kisumu tulilala. Hali ya hewa kule mvua na radi zinapenda kuja mchana, kwa hiyo kesho yake wanataka muwe uwanjani saa moja asubuhi, usichelewe. Kuelekea Mwanza tulimuomba rubani apinde kidogo tuone kisiwa cha Migingo, na akapinda, tukaiona kwa mbali, kijiwe kidogo kimejaa mabati yanawaka jua, ndogo kuliko uwanja wa mpira, na hapo ndipo Wakenya na sisi tumegombana miaka yote hii. Ndege nzima ilihamia madirisha ya kulia. Mwanza unaingia umepita kisiwa cha Ukerewe, na yale mawe makubwa yamekaa majini. Jioni tukala sato, ambaye Kisumu jana yake alikua ngege, na sangara ambaye kule wanamuita mbuta, samaki ni walewale, ziwa ni lilelile.

Sasa malalamiko yangu, na hayahusu ndege wala marubani, yanahusu wakala wa hapa Kampala aliyetuuzia safari. Ujumbe wake wote wa watsap ulisema mje na kitambulisho na kadi ya homa ya manjano. Basi. Kuingia Kenya kitambulisho cha Uganda kinatosha kweli, lakini Tanzania hawapokei, wanataka pasipoti au hati rasmi ya kusafiria. Mwenzetu mmoja alikua na kitambulisho peke yake na ikagundulika Kisumu asubuhi tukiwa tunataka kupanda. Alilia. Mtu aliyeweka akiba mwaka na nusu akabaki uwanjani anatuangalia tunaondoka, akarudi kwa matatu hadi Busia na huko akapanda gari la Kampala, na wakala mpaka leo anasema hela hairudi kwa sababu kila msafiri anawajibika na karatasi zake. Sikubaliani. Ukiuza safari ya nchi tatu, sentensi moja tu ya pasipoti ilikua inatosha. Kwa hiyo nawanyima nyota moja, nawapa nne kati ya tano, na siku mwenzetu akirudishiwa hela yake nitakuja kubadilisha.

Mengine kwa haraka. Mizigo kilo 15, begi laini. Ndani kuna joto mkiwa chini, mkipaa linaisha. Tarehe zinaweza kusogezwa kwa sababu inatumia avgas, yaani petroli ya ndege za injini za pistoni, na si mafuta ya jeti, na avgas si kila uwanja unayo, ratiba yao inafuata mafuta. Viti vya mbele unaona injini na bawa tu, mi nilikaa huko kwenda Kisumu na sijutii, ila kama unataka ziwa kaa nyuma ya bawa. Kutoka Mwanza kurudi Entebbe chukua kushoto, visiwa vya Ssese vinakuja upande huo.