Dawa ya kugeuza kutu kwenye chasi ya pikapu: uzoefu wangu

Dawa ninayoizungumzia ni ile nyeupe kama maziwa, yenye asidi ya tanini. Ukiipaka juu ya kutu huanza kugeuka zambarau, kisha nyeusi kabisa, kwa sababu tanini hushikana na kutu na kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka kwa maji. Nimeitumia kwenye chasi ya pikapu yangu na kwenye ngazi za pembeni. Naipenda sana, ila inasifiwa hata kwa kazi isiyoiweza.

Inafaa kwa kutu nyembamba iliyoshikamana na chuma, basi. Kwenye kutu ya magamba itageuza ngozi ya juu tu, na chini yake chuma kitaendelea kuliwa. Kwa hiyo kabla ya kufungua chupa, pita chini ya gari na nyundo ndogo ukigonga chasi nzima, hasa panaposhikiliwa springi za nyuma na penye mishono ya kuchomelea. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na bisibisi ikizama hapo, mwite fundi wa kuchomelea, dawa haina msaada tena. Na tafadhali, gari likae juu ya stendi, usilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tu.

Osha matope na chumvi, toa mafuta kwa sabuni, sugua kwa brashi ya waya mpaka vumbi jekundu liache kudondoka, kisha acha pakauke. Vaa miwani, maana nyuzi za brashi ya grenda huchomoka na kuruka. Ukifika kwenye chuma cheupe kisicho na kutu, dawa haina cha kushika. Hapo paka praima (rangi ya kwanza ya chini) ya zinki. Praima hiyo usiiweke juu ya dawa, kwani zinki hulinda chuma inachokigusa moja kwa moja. Juu ya dawa mimi huweka praima ya epoksi, halafu rangi ya chasi. Ukiiacha dawa bila rangi, kutu itarudi.

Ndani ya chasi brashi haifiki, na huko ndiko kutu inakonitia wasiwasi zaidi. Nanyunyizia mafuta ya lanolini, yale yanayotokana na sufu ya kondoo, kwa mpira mrefu wenye tundu nchani. Hayakauki, na hujipenyeza mpaka kwenye mishono. Yanataka kurudiwa kila mwaka, na yasifike kwenye diski na pedi za breki. Baadhi ya vipuri vya mpira huvimba vikiyagusa, kwa hiyo bushi, zile pete za mpira kwenye maungio, nazifunika. Matundu ya kutolea maji yabaki wazi.

Ile rangi nene ya lami siitaki kabisa juu ya chasi yenye kutu. Ikipasuka, maji huingia nyuma yake yakakaa, na kwa nje huoni kitu.

Bampa ya kromiamu haihitaji dawa hii: kunja karatasi ya alumini, ilowanishe kwa maji, sugua vidoa taratibu, kausha, paka nta. Mpira wa chuma wa kuvutia tela nao siupaki rangi, kwa kuwa msuguano utaibandua. Naupaka grisi na kuufunika kifuniko chake.