Semina ya uongozi kwa watu wa vikoba (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana), Morogoro: siku ya kwanza hasara, ya pili imerudisha hela yangu

Nilienda hii semina ya siku mbili ya jinsia na uongozi, kiingilio elfu 45, chai na msosi humo humo, jina la waandaaji nalihifadhi maana sitaki maneno.

Siku ya kwanza jamani. Mwezeshaji baba mmoja kapiga suti, asubuhi nzima jiamini jiamini, wanawake mnaweza, rais mama tunaye tangu 2021 sasa mnaogopa nini, halafu ilipofika kuandika muhtasari akasema "mama mmoja mwenye mwandiko mzuri atusaidie". Tukaangaliana. Nikaandika mimi. Pilau ilikuwa tamu lakini, hapo nisiwadhulumu.

Siku ya pili akaja dada mmoja hana projekta wala nini, kabeba sanduku la chuma la kufuli tatu akaliweka mezani. Akasema mfumo huu ulianza Niger 1991 na akina mama wa vijijini, shirika la CARE likiwasaidia, na kufuli tatu sio mapambo, wenye funguo wawe wanachama wa kawaida wasio kwenye kamati, na anayelala na sanduku asiwe na ufunguo hata mmoja. Kisha akazunguka kikundi kwa kikundi, kwenu funguo anazo nani?

Hapo ndo jasho lilinitoka. Kwetu tuko 26, wanaume wanne tu, na mwenyekiti ni shemeji yangu, mzunguko wa sita huu hajabadilishwa. Ufunguo mmoja anao yeye, wa pili mume wangu, wa tatu mimi. Kufuli tatu, ukoo mmoja! Na sanduku liko uvunguni kwake. Hajala hata mia, nasema ukweli, ila angekula nani angejua, na watu wakitaka mkopo wanamfuata kwake jioni kwa unyenyekevu kama wanaenda kuposa, wakati mkopo unaombwa kwenye kikao watu wote wakisikia.

Akatuonyesha na kura ya siri ya mawe madogo, na kabla ya kufunga kikao kila mtu alikariri salio, bibi mmoja hajui kusoma alilitaja bila kukosea hata shilingi.

Nyota 3 kati ya 5, mbili nimekatia ile suti. Wakirudia nendeni siku ya pili.

Ufunguo wangu nimeukabidhi kwenye kikao, anao mama muuza mkaa. Shemeji hanisemeshi wiki ya pili sasa.