Mama Ngina, Mombasa: Bustani Isiyodai Kiingilio

Sifa kubwa ya bustani ya Mama Ngina, kwa maoni yangu, si mandhari yake bali ni urahisi wa kuifikia kwa mtu asiye na pesa. Mkazi wa Likoni huvuka kwa feri bila nauli, kwa kuwa abiria wa miguu hawatozwi, kisha hutembea hadi bustanini, ambako hakuna kiingilio. Katika pwani ambayo njia nyingi za kuteremkia ufuoni zimebanwa na kuta za mahoteli na majumba, familia nzima kuweza kupunga upepo jioni nzima kwa gharama ya mihogo peke yake si jambo dogo.

Bustani ilifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019, na Oktoba mwaka huohuo sikukuu ya Mashujaa ikaadhimishwa hapo. Njia za miguu zilizotengenezwa zinapitika vizuri, lakini uamuzi wa busara zaidi ulikuwa kuiacha mibuyu ya kale mahali pake. Chini ya mibuyu hiyo ndipo watu wanapokusanyika kwanza, na ndipo wauzaji wanapopendelea kukaa: muhogo wa kuchoma hupasuliwa katikati, ukapakwa ndimu na pilipili ya unga, ukakabidhiwa mteja ungali unachoma vidole, huku meli ya makontena ikipita kuelekea bandari ya Kilindini karibu kiasi cha kulisoma jina lake. Wapo wanaowaona wauzaji hao kuwa uchafu wa kuondolewa. Mimi nawaona kuwa sehemu ya ramani yenyewe, kwani giza linapoingia, macho yao na taa za meza zao ndizo zinazomfanya mama mwenye watoto asiharakishe kuondoka.

Kasoro ni kivuli. Ukiwa mbali na miti saa saba mchana, sakafu hurudisha joto usoni, na mzee hawezi kustahimili. Somo lilikuwa karibu: Mji wa Kale, wajenzi walizibana njia ili nyumba zitiliane kivuli, wakaweka baraza za mawe milangoni ili majirani wakae ubavu kwa ubavu wakizungumza bila kuzuia wapitao. Bustani ingefaidika na baraza za namna hiyo zilizoezekwa, kuliko kungojea miti michanga ikue.

Anayetoka Kisauni, kaskazini mwa kisiwa, bila shaka, hali yake ni nyingine, maana nauli ya kwenda na kurudi ya watoto wanne inaweza kuzidi bei ya chakula watakachokula. Faida ya kutokuwepo kiingilio humalizikia barabarani.

Kwa anayetaka utulivu, siku za kazi baada ya saa kumi zinafaa zaidi. Jumapili hujaa sana, na kwangu mimi hiyo ndiyo siku nzuri ya kwenda.