Kabla ya Kulipia Mota ya Pili: Magari Manne ya Umeme, la Kwanza Hadi la Nne

Ukitaka kujua mbio zinagharimu nini katika gari la umeme, weka MG4 mbili bega kwa bega. Zote zina betri ya kilowati-saa 64. Moja ina mota moja nyuma, inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 7.9, na kipimo cha WLTP, jaribio rasmi la maabara la umbali wa gari, kinaipa kilomita 450 kwa chaji moja. Nyingine, XPower, imeongezewa mota ya mbele. Yenyewe inafika mwendo huohuo kwa sekunde 3.8, lakini kilomita zimebaki 385. Betri ni ileile; kilomita 65 zimeliwa na uzito, magurudumu makubwa na mota ya ziada. Wauzaji hupenda kukujaribisha hiyo ya pili.

Hata hiyo 450 usiichukue kama ilivyo. WLTP huchanganya mwendo wa mjini na wa barabara kuu, na mjini gari la umeme hubana matumizi kwa sababu kila unapopunguza mwendo mota hurudisha umeme kwenye betri. Ukishikilia 120 kwa saa, upepo ndio unaokula chaji, maana upinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi. Mimi hukata robo nzima. Halafu kuna jambo linalosahaulika: safarini huchaji kutoka asilimia 10 hadi 80 tu, kwa kuwa juu ya hapo chaja hupunguza nguvu na unakaa kusubiri. Kwa hiyo 450 inakuwa kama 340, na asilimia 70 ya hizo haifiki 240. Huo ndio umbali wa kweli kati ya kituo na kituo. Ndiyo maana, kwangu, kasi ya kuchaji ina uzito kuliko kasi ya kuondoka kwenye taa.

Kwa mizani hiyo, wa kwanza ni Hyundai Ioniq 5 yenye betri ya kilowati-saa 84 na mota moja ya nyuma. WLTP inaipa kilomita 570. Mfumo wake wa umeme ni wa volti 800, unaoruhusu kuchaji haraka, na kwenye chaja ya kilowati 350 hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa takriban dakika 18: unakwenda msalani, unanunua maji, ukirudi iko tayari. Ila chaja yenyewe iwe na nguvu hiyo; ukiichomeka kwenye ya kilowati 50 volti 800 hazikusaidii kitu, kwa hiyo chunguza kwanza vituo vya njia unazopita. Ndani ni pana ajabu, kwani ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana mita 3 kamili, sakafu ni bapa, na gari linaweza kutoa umeme hadi kilowati 3.6, unachemsha birika popote ulipoegesha. Anayetafuta iliyotumika aangalie kioo cha nyuma: matoleo ya mwanzo hayakuwa na waipa huko, na mvua ikinyesha utalijutia hilo kila siku. Waipa ilikuja na maboresho ya 2024.

Wa pili, Tesla Model 3 ya masafa marefu, mota moja nyuma: iliyouzwa 2024 ilipewa kilomita 702. Hakuna kati ya hizi inayotumia umeme kwa ubahili kama huu, na umbo lake la chini linalokata upepo ndilo siri. Umbo hilohilo ndilo lililoishusha hadi nafasi ya pili. Buti ni kubwa ila mdomo wake mwembamba; kigari cha mtoto kinaingia kwa kubembelezwa, friji haiingii. Toleo la 2023 liliondoa pia kijiti cha indiketa na kuweka vitufe kwenye usukani. Kwenye mzunguko wa barabara utajikuta unavitafuta.

Kama roho yako haitulii bila mbio, basi BYD Seal, ambayo naiweka ya tatu. Yenye mota mbili hufika 100 kwa sekunde 3.8 na bado ina kilomita 520, dhidi ya 570 za mota moja. Kupoteza 50 ni nafuu kuliko MG4. Betri yake ni ya fosfati ya chuma, aina inayovumilia kujazwa hadi 100 mara kwa mara. Kinachoirudisha nyuma ni kuchaji: haipokei zaidi ya kilowati 150, na buti ni lita 400 tu.

MG4 inashika mkia, ile ya mota moja. Buti lita 363, viti vya nyuma vinatosha watoto. Kwa mtu anayezunguka mjini na kuchaji nyumbani usiku, hiyo hiyo ingekuwa ya kwanza.