Before Your Eyes: hadithi ya marehemu inayochezwa kwa kope

Benjamin Brynn amekwisha kufa. Roho yake imepakiwa chomboni na mvushaji mwenye sura ya mbwamwitu, ambaye lazima aijue habari ya maisha yake yote ili akamtetee mbele ya Mlinzi wa Lango. Wewe ndiye Benjamin. Mchezo huu wa GoodbyeWorld Games, uliotoka kwa kompyuta Aprili 2021, unafuatilia macho yako kwa kamera. Alama ya metronomu, kile kipima-mapigo cha wapiga muziki, ikitokea chini ya kioo, ukipepesa tu kumbukumbu inakatika na umri unasonga. Kabla ya hapo pepesa upendavyo, hupotezi kitu.

Kila kitu kinategemea mwanga. Taa au dirisha viwe mbele yako. Vikiwa nyuma, uso unakuwa kivuli na kamera haioni kope. Miwani inayong'aa nayo huipotosha: ama inahesabu pepeso ambalo hukulifanya, ama inakosa ulilolifanya. Inamisha kioo cha kompyuta kidogo mpaka mng'ao utoke kwenye lenzi za miwani. Ukisogeza kiti katikati ya mchezo, rudia kupima macho kwenye mipangilio. Kipanya kinaweza kushika nafasi ya kope, lakini tunakishauri kwa mwenye tatizo la macho tu, kwa sababu kidole hakichoki. Jicho linachoka, na mama anaanza sentensi ambayo hutaisikia mwisho wake. Uchungu huo ndio mchezo wenyewe.

Anayetaka njia nyingi na miisho kumi hatazipata. Chaguo za utotoni, kama kukazana na piano au kuiacha, hubadilisha vipande vidogo tu. Uzito wa kimaadili uko kwingine: maisha yanayosimuliwa mwanzoni ni mazuri mno, na mvushaji ananusa uongo. Anakurudisha nyuma ukayatazame upya yale yale, safari hii bila kuyapamba. Hapo swali halihusu tena ulichokitenda bali kama maisha mafupi, yasiyo na sifa, yanastahili kutetewa. Kuna mahali unatakiwa kufumba macho kabisa usikilize. Usiharakishe kuyafumbua, maneno muhimu yamo gizani humo.

Kiswahili hakimo. Mazungumzo ni ya Kiingereza, na anayetegemea kusoma maandishi ya chini ataumia zaidi, maana macho hukauka akiwa bado anasoma. Pandisha sauti, vaa spika za masikioni.

Mwaka 2022 mchezo huu ulipata tuzo ya BAFTA ya Uingereza na ukatoka kwa simu kupitia Netflix. 2023 ukaja kwa PlayStation VR2, kifaa cha uhalisia pepe kinachovaliwa usoni, ambacho hupima macho ndani ya kifaa chenyewe, hivyo taa ya chumbani haisumbui. Tenga kama dakika 90, umalize kwa kikao kimoja.