Gold Standard 100% Whey: kijiko kimoja kinamtosha anayeanza jimu

Kijiko kimoja cha kopo hili, gramu 30 hivi za unga, kina protini gramu 24 na kalori 120. Yaani sehemu nne kati ya tano ni protini yenyewe, kiwango kizuri kwa poda ya whey, yaani protini itokanayo na maziwa. Ubora wake si wa kubishania. Wengi wanakosea kwenye hesabu.

Tuseme una kilo 70 na unalenga gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili: hiyo ni 112 kwa siku. Mayai matatu yana 18, maharage yaliyopikwa gramu 200 yana 17, samaki gramu 150 ana kama 37, glasi ya maziwa 8, na ugali wa dona wa unga gramu 150 unaongeza 12. Jumla 92. Pengo ni 20, na kijiko kimoja kinaliziba. Cha pili na cha tatu ni kalori za bei ghali. Hata dagaa wakavu gramu 40 wangeziba pengo hilohilo, tena kwa hela kidogo. Poda inawashinda kwa wepesi tu, maana hakuna anayekaanga dagaa saa 11 alfajiri.

Na asubuhi ndipo inapofaa hasa. Mihogo ya kuchemsha gramu 200 na chai ya rangi haifikishi protini gramu 4. Ukiitia poda kwenye uji, subiri upoe kiasi cha kunyweka, na uikoroge kwanza kwa maji baridi. Ndani ya uji unaotokota inaganda mabonge kama yai. Protini haipotei, ila kuyameza ni kazi. Kwenye chupa ya kutikisia tangulia maji mililita 250, kisha unga. Ukianza na unga, unanata chini. Chupa ioshwe papo hapo, la sivyo harufu yake haitoki.

Poda hii ina laktosi kiasi, yaani sukari ya maziwa. Tumbo likikusumbua ukinywa maziwa, anza na nusu kijiko kwa maji kwa wiki nzima. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.

Wembamba wanaotaka kunenepa huuziwa Serious Mass, ya kampuni hiyohiyo. Soma lebo: kipimo kamili ni gramu 334, kalori 1,250, protini 50 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga. Ukinywa kipimo hicho kila siku juu ya ugali wako, kitambi kitatangulia kifua.

Suala la kunywa ndani ya nusu saa baada ya tizi lisikuumize kichwa. Kinachohesabika zaidi ni jumla ya siku. Bila vyuma poda haijengi kitu: siku tatu kwa wiki, skwati (kuchuchumaa na kuinuka na uzito), kusukuma na kuvuta, seti 3 za marudio 8 hadi 12. Ukifikisha 12 katika seti zote, ongeza kilo 2.5.

Dukani angalia karatasi ya kuziba chini ya kifuniko na tarehe ya mwisho. Ya kupimiwa kwenye nailoni iache, huwezi kujua imechanganywa na nini. Kopo la gramu 907 lina vijiko kama 29. Likiisha ndani ya wiki tatu, unajaza kijiko kwa kilima. Kisawazishe kwa mgongo wa kisu.